Friji Waliyosema Imekufa

Vijana wa karakana, tangu niache kazi mmenisumbua vya kutosha. Mama Baridi, tuandikie. Mama Baridi, tuambie friji inatengenezwa lini na inabadilishwa lini. Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na soda moto. Mafundi wa friji wazima, chumba kizima, mnakunywa soda moto! Nikaipokea. Kisha mkamwita Dismas, mnayemwita mwalimu, asimame anisifu, nami nikatoka nje. Mkadhani machozi yamenizidi. Hayakuwa machozi. Sikutaka kuisikia sauti yake ikitaja jina langu, na kwa kuwa mmeniomba niandike, nitawaandikia kwa nini.

Nilianza kazi Migori mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye karakana iliyokuwa barabara ya kwenda Isebania. Mwenyewe alikuwa Mzee Zablon, Msabato mwenye kichwa kigumu ambaye Ijumaa alifunga mlango kabla jua halijazama, hata wenye baa wakimlilia kwamba bia zimeshika joto. Aliwaambia bia ikikataa kupoa siku ya Sabato basi imeokoka. Wenye baa walirudi Jumapili asubuhi wakiwa wapole, kwa sababu toka Rongo hadi mpakani hapakuwa na mkono kama wake.

Siku yangu ya kwanza mteja mmoja alinipa kikombe nikaoshe, akidhani mimi ndiye mwenye chai. Zablon akamwambia huyo ndiye fundi wako, na kikombe chako osha mwenyewe. Halafu akaniweka mbele ya friji ya stima, hakunipa spana wala bisibisi. Aliniambia niweke sikio hapo hadi saa ya chakula, kisha nimweleze friji inasema nini. Nilijiona mjinga. Watu wa barabarani walisimama kunitazama nimekumbatia friji ya mtu. Mchana nikamwambia inasema tik, inanyamaza, inasema tik tena. Akatabasamu kidogo, akasema injini inataka kuamka lakini kuna kitu kinaikatiza. "Huyo ni mgonjwa," akasema. "Si maiti."

Hayo ndiyo maneno yake mawili, mgonjwa na maiti, na ndiyo niliyoyatumia hadi nilipostaafu. Mgonjwa unamtibu. Maiti unaandika chaki mlangoni na kumwambia mwenyewe atafute nyingine. Zablon hakuwahi kuandika chaki siku ileile aliyoitazama friji. Alilala nayo kwanza. Alisema fundi anayeharakisha kuandika maiti ana mawili, uvivu ama wizi, na nyinyi mnaoandika chaki kabla hamjashusha mkoba wa vifaa, mjichagulie.

Sasa sikilizeni, maana hili halimo kwenye vitabu vyenu vya picha. Friji ya stima ikikataa kupoza, anza na mpira wa mlango. Banisha karatasi, funga, vuta. Ikitoka bila kukuaga, shida ni mpira, na umeshamwokoa mtu. Mpira ukiwa mzima, tazama iko karibu kiasi gani na ukuta, maana friji nayo inapumua. Kisha paka povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba utafute gesi inakotokea. Ukijaza gesi bila kuziba tundu, na mwezi ujao ukaitwa tena, hujatengeneza kitu, umeuza gesi. Lakini ukifungua ukakuta oili imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, injini imekwenda, na hapo mweleze mwenye nyumba ukweli hata kama anakutazama kwa macho ya kuomba.

Friji ya mafuta ya taa ni jambo lingine, na nyinyi wengi hamjawahi kuigusa. Miaka ile stima ilifuata barabara kuu, na ukiingia ndani kidogo, watu wenye uwezo walikuwa na hizi. Chini kuna tangi na utambi, moto mdogo wa buluu, na dohani inapanda mgongoni. Haina injini. Moto unachemsha dawa kali iliyo ndani ya mabomba, dawa inazunguka yenyewe, na ndani kunakuwa baridi. Moto unaleta baridi, yawa, hata mimi nilikataa kuamini mpaka nilipoweka mkono. Ila inataka mambo mawili: dohani isiwe na masizi, na friji isimame sawa kabisa. Ikiinama, dawa inakwama kwenye bomba na baridi inakatika.

Dawa ikikwama, tiba yake ni kuzima moto, kumwaga mafuta, kutoa vyakula, na kuigeuza friji yote kichwa chini, miguu juu, ilale hivyo hadi kesho yake. Utaisikia tumbo likinguruma. Ukiisimamisha, uiache itulie kabla ya kuwasha. Nimetibu nyingi kwa njia hiyo, bila spea hata moja. Maiti yake nayo ina dalili zake. Kuna harufu inayochoma macho, na nyuma kwenye kiungo cha bomba kunatokea vumbi la njano, lile linalobaki dawa ikivuja. Ukiona njano, hakuna fundi Migori wala Kisumu atakayeirudisha.

Kwenye meza iliyopakana na yangu ndipo alipokaa Dismas. Mikono mizuri, sikatai. Lakini neno lake lilikuwa moja, badilisha. Mteja akileta friji inayotoa sauti, badilisha. Inavuja maji, badilisha. Zile alizoandika chaki zilikuwa na tabia ya kuonekana zimefufuka kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mzee Zablon alipougua na kurudi kwao, Dismas akawa ndiye mkubwa wa karakana, na chaki ikawa mfukoni mwake.

Rangwe, upande wa Homa Bay, niliitwa na mwanamke aitwaye Boke. Alikuwa Mkuria wa upande wa mpakani, mrefu, mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani, aliyeolewa na mwalimu Mjaluo wa huko. Dholuo alikijua, lakini ukoo wa mume ulimcheka matamshi hata baada ya miaka mingi, kwa hiyo nami, ingawa ni Mjaluo, aliniambia tuzungumze Kiswahili. Alisema Kiswahili si cha mama yake wala si cha mama yangu, hapo tuko sawa. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Boke alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kujidunga sindano kila siku, na dawa yake ilitaka kukaa mahali pa baridi. Mumewe alinunua friji ya mafuta kwa ajili ya hiyo chupa moja tu. Juu yake Boke aliweka kitambaa cha kufuma na picha ya arusi.

Nilipofika, mumewe alikuwa amefariki, amezikwa, na friji ilikuwa imekataa kupoza. Nilimuuliza Boke imehamishwa? Akasema wakati wa matanga vijana wa boma waliibeba nje, wakaiweka kando ya hema ili wachungaji na wageni wa mbali wapate soda baridi. Nikaenda kutazama pale ilipokuwa. Kilima! Hata ng'ombe angejishikilia. Waliiwasha hapo matanga mazima ikiwa imeinama, na hakuna aliyejali, maana mgeni wa matanga akikosa soda baridi boma linasemwa, lakini mjane akikosa dawa ni mambo yake.

Nikaigeuza kichwa chini sebuleni. Shemeji yake Boke, Tobias, mdogo wa marehemu, alisimama mlangoni akiniangalia. Alisema tangu azaliwe hajaona mwanamke akifanya hivyo kwa kitu cha mwanaume, akauliza kwa nini tusiache mambo ya kugeuzageuza, wao kama ukoo watambadilishia tu. Nilidhani anazungumzia friji peke yake. Boke alikuwa ameketi kwenye kochi, akatabasamu bila furaha.

"Shemeji, mlitaka kunibadilishia mume, nikakataa," alisema. "Sasa mnataka kunibadilishia friji. Mimi niacheni na vya zamani."

Hapo nikaelewa. Kwa desturi yetu, tunayoiita tero, ndugu wa marehemu anamchukua mjane. Boke alikuwa amekataa mbele ya wazee. Alikuwa Mkatoliki, na zaidi ya hayo alikuwa na macho. Miaka hiyo Homa Bay kila jirani alikuwa na kaburi bichi, na watu walijua ni nini kinachopita nyumba hadi nyumba hata kama hawakukitaja. Tobias alitoka nje, akawasha sigara.

Siku ya pili friji ilisimama, ikatulia, nikachomelea bawaba ya chini ya mlango iliyovunjika walipoibeba, nikawasha. Jioni kukawa na baridi. Boke aliingiza mkono, akauacha humo muda mrefu, kisha akacheka kicheko chake kile cha hadi barabarani. Nikampa somo nililompa kila mwenye friji ya mafuta. Ikipoteza baridi, asikubali mtu aseme imekufa kwa kuangalia mlango tu. Atazame nyuma. Bila harufu ya kuchoma macho na bila vumbi la njano, ni mgonjwa, aniite. Njano ikionekana, hapo imekwisha. Alirudia maneno yangu mara kadhaa hadi nikaridhika. Nilikuwa fundi mzuri, na nilifundisha vizuri, na hiyo ndiyo sehemu inayonikera hadi leo.

Haikuchukua muda Boke akaja mwenyewe Migori, amevaa nguo zake za kanisani. Akaniambia Tobias alifika na fundi mwanamume, kwa madai kwamba kazi ya mwanamke haiaminiki na ukoo hautaki moto uunguze nyumba ya ndugu yao. Fundi akazunguka nyuma ya friji, akakaa huko kidogo, akamwita aje aone. Palikuwa na vumbi la njano, bichi kabisa, kwenye kiungo cha bomba. Boke aliuliza mbona hasikii harufu. Fundi akasema harufu ilishaisha na dawa yote imetoka, baridi iliyobaki ni ya kuaga tu. Akaandika chaki mlangoni. Tobias akawa mpole ghafla, akasema ukoo utaiondoa hiyo maiti nyumbani na kumletea mpya. Boke akakubali.

"Niliona njano, dada," aliniambia. "Ulisema njano ikionekana imekwisha."

Nilimjibu kwamba nilisema. Ningesema nini? Friji ya mafuta inaweza kupasuka wakati wowote, na ile ilikuwa imebebwa vibaya. Nilipomuuliza Dismas, kwa kuwa Boke alinitajia kwamba ndiye fundi mwenyewe, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kazi yake. Alisema kwani si sisi wote tulifundishwa na mzee mmoja kwamba njano ni maiti. Nikauliza iko wapi niitazame. Akasema imeenda kwa watu wa vyuma.

Basi nikamtengenezea Boke kitu cha kungojea friji mpya. Nilinunua mitungi miwili ya udongo, mmoja mdogo uingie ndani ya mkubwa, katikati nikajaza mchanga, mchanga tukauloweka maji, juu kitambaa kibichi. Uweke kivulini penye upepo, na chupa ya dawa inakaa ndani vizuri tu. Msicheke, nimepima. Hata leo kama huna kitu kingine, inafaa. Lakini mchanga unataka maji, asubuhi na jioni, bila kukosa.

Kiangazi kikaingia. Mnaijua Rangwe kiangazi? Kisima kilicho karibu kilikauka, wanawake wakawa wanateremka mbali na kurudi na ndoo moja moja. Boke hakuwa na mtoto wa kumtuma wala punda. Watoto wa shemeji zake walikuwa wengi, lakini walikuwa wameambiwa waache kumsaidia mpaka apate akili. Na yeye alianza kuwa na kiu ile ya sukari, ya kunywa na kunywa, kwa hiyo maji kidogo aliyobeba ilibidi achague, ya kinywa au ya mtungi. Kila nilipopita alikuwa amekonda zaidi. Nilimwambia ahamie kwangu Migori. Alisema akitoka hata mwezi mmoja watasema ameacha boma, na nyumba nayo itakwenda ilikokwenda friji. Nilibeba maji nilipoweza. Sikuweza kila siku.

Nilimkuta mara ya mwisho hospitalini Homa Bay. Muuguzi alisema dawa aliyokuwa akijidunga ilikuwa imeharibika kwa joto, ni kama alikuwa akijidunga maji. Alinifahamu. Alinishika mkono, mkono wake ulikuwa mfupa mtupu.

"Ile mpya imefika?" aliniuliza.

Nikamwambia bado.

"Walisema iko njiani," akasema, kisha akalala. Hakuamka.

Alizikwa Rangwe, kando ya mumewe, na Tobias ndiye aliyesimama kutoa shukrani za familia. Alisema wamempoteza mama wa boma. Nilikuwa nimesimama nyuma nikashindwa hata kulia kwa hasira. Hasira yenyewe ilikuwa ya friji mpya ambayo haikuja. Nilikuwa bado sijajua lolote.

Mvua zilipoanza, Tobias alimtuma mtu Migori. Alikuwa amefungua baa pale sokoni Rangwe, na friji yake ilikuwa imegoma. Dismas alikuwa amehamia Kisumu kutafuta kazi kubwa, kwa hiyo nikabaki mimi, mwanamke asiyeaminika. Nilikwenda. Kazi ni kazi, na mzee alinifundisha kwamba unatibu friji, hutibu mwenyewe.

Ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, imepakwa rangi mpya ya kijani. Friji ya mafuta. Nilifungua mlango nikaona bawaba ya chini, niliyoichomelea mimi mwenyewe ile mara ya kwanza kule kwa Boke, mchomeleo mbaya mbaya kwa sababu nilikosa waya mzuri. Nilisimama pale na mkono wangu kwenye mlango. Kisha nikazunguka nyuma.

Njano bado ilikuwepo. Imegandiana na vumbi na jasho la chumba, lakini bado ilikuwepo kwenye kiungo cha bomba. Nikakwangua kwa ukucha. Vumbi la dawa iliyovuja ni chumvi kavu ya bomba, na haina harufu ya jikoni. Hili nililisugua kati ya vidole, likashika kidole likakipaka rangi, nikalipeleka puani. Binzari. Binzari ya mchuzi, ile inayouzwa kwenye vijikaratasi sokoni. Fundi aliyefundishwa meza moja na mimi, na mzee mmoja na mimi, aliingia nyumba ya mjane na binzari mfukoni. Alijua Boke ataangalia nini, kwa sababu alijua nani amemfundisha.

Nilichuchumaa pale nyuma ya friji hadi magoti yakaniuma. Mbele nilisikia watu wa baa wakiulizana kama fundi amelala. Tobias akachungulia.

"Mama Baridi, inatengenezeka ama nitafute ingine?"

Niliweka kipimo changu juu yake. Ilikuwa imeinama upande mmoja, sakafu ya chumba kile ilijengwa hovyo. Hapakuwa na kitu kingine. Kuigeuza usiku mmoja, kuweka kipande cha ubao chini ya mguu, basi.

"Inatengenezeka," nikamwambia.

"Basi tengeneza, wateja wanangoja."

Nilimwonyesha kidole changu cha njano. Alikitazama. Alijua ni nini, nililiona usoni mwake, na jambo linaloniuma ni kwamba hakuona haya hata kidogo. Alisema friji ilikuwa ya ndugu yake, na mali ya ndugu yake ni ya boma, na hayo ya chupa za dawa ni ya Mungu. Kisha akasema tena kwamba wateja wanangoja.

"Aliyeniita kuitengeneza hii friji umemzika," nikamwambia. "Mimi nilishamaliza kazi yake."

Nikafunga mkoba wangu, nikapita katikati ya wateja. Nilikwenda kwa chifu, nilikwenda kwa padri, nilimweleza kila aliyekuwa na masikio. Chifu alisema friji haina risiti yenye jina la mwanamke. Padri aliomba pamoja nami. Dismas nilimwandikia Kisumu na hakujibu, na miaka ilipopita akarudi na kitambi, akawa mwalimu wenu, na mkampa kipaza sauti aniage.

Mliniuliza friji inabadilishwa lini. Nimewaambia yote ninayoyajua kuhusu mpira, gesi, oili na njano. Likiwabakia moja tu, liwe hili: ukiitwa na mtu anayesema badilisha, uliza nani anaila hiyo baridi kabla hujatoa chaki.

Tobias alitafuta fundi mwingine toka Kisii, wakaigeuza kichwa chini, wakaweka ubao chini ya mguu. Ikapona. Kila nilipopita Rangwe niliona dohani yake imetokezea dirishani, na watu wakinywa bia baridi barazani. Nimestaafu wakiwa bado wanaitumia. Hawakuwahi kuibadilisha.